Paa ni Kazi ya Wanaume

Kaka yangu tulimpa jina la Mwenyekiti, na hatukumpa kwa heshima. Karakana ya makochi aliyotuachia marehemu baba ina viti vya kila namna, vya sebuleni, vya ofisini, vya kuegemea wagonjwa, na hakuna hata kimoja ambacho kaka aliwahi kukitengeneza kwa mikono yake. Yeye kazi yake ni kuvikalia. Asubuhi anachagua kimoja, anakisogeza mlangoni, anaweka kalamu sikioni na kupokea wateja kwa sauti nzito ambayo akivuka ua kuingia nyumbani huwa hana.

Mimi ni wa katikati, nakata vitambaa. Anayenifuata ni Gundi. Jina hilo alilipata kwa baba mwenyewe, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa anang'ang'ania mguu wa baba kama aliyebandikwa. Msumeno unalia, vumbi la mbao linamjaa kichwani, naye haachii. Akakulia humo humo karakanani. Chumba cha mbele ni cha mbao, chumba cha nyuma ni cha vitambaa na cherehani, na kati yake kuna uwazi uliokatwa ukutani ambao baba hakuwahi kuutia mlango. Gundi alipita hapo mara nyingi kuliko sisi sote. Asubuhi utamkuta anapiga randa fremu ya kochi, mchana utamkuta nyuma anaishonea nguo yake.

Na alivyokuwa kazini ndivyo alivyokuwa mwenyewe. Kuna siku alivaa suruali na shati lililofungwa vifungo hadi kooni. Kuna siku alivaa gauni na hereni, na kwa gauni hilo hilo akapanda ngazi. Ukimwita, siku nyingine anaitika "naam," siku nyingine "abee," kwa jinsi alivyoamka. Watoto wa Mwenyekiti walipoanza kusema walipata taabu: wamwite shangazi au baba mdogo? Wakahangaika wiki kadhaa, kisha wakalikata neno wakabaki na "Mdogo." Mdogo njoo, Mdogo nibebe. Jambo lililowashinda watu wazima wa ukoo mzima likamalizwa na watu wasiojua kufunga viatu.

Lakini usije ukadhani nyumba yetu ilikuwa na uelewa wowote. Nyumba yetu ilikuwa na mahitaji. Bati likichomoka paani, Mwenyekiti angesema, "Gundi, wewe ndiye mwanaume humu ndani, panda." Mama alipopatwa na kiharusi akafa miguu, Mwenyekiti huyo huyo akasema, "Gundi, mama hawezi kuogeshwa na mwanaume, wewe ni binti yake." Jirani mlevi akija kupiga kelele getini, Gundi alikuwa mwanaume. Mke wa Mwenyekiti alipojifungua, Gundi alikuwa mwanamke wa kukesha na mtoto. Ilitegemea tu Mwenyekiti anakwepa nini siku hiyo. Na Gundi alifanya vyote, huku akipiga mluzi.

Kilichotuvuruga kilianza na mteja. Alikuja mzee mmoja mwenye ukumbi wa mikutano, mtu mpole wa miwani mikubwa, akaagiza viti vya ukumbi mzima. Kwanza alitaka cha mfano. Gundi akakitengeneza na kumkabidhi, mzee akakichukua akaenda kukikalia kwake. Aliporudi kuthibitisha oda, Gundi alikuwa anapita na fremu begani, hereni zinacheza. Mzee akamwinamia Mwenyekiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani bwana, yule fundi wenu ni bwana au bibi?"

Mwenyekiti akacheka kicheko kilichokatika katikati. "Ah, yule? Yule ni wa nyumbani tu," akasema, kama anayezungumzia paka.

Mzee akaondoka. Basi kaka yangu akakosa raha. Chakula hakipiti. Anatembea, anasimama, anatikisa kichwa. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, akatuita sote chumbani kwa mama. Mama alikuwa ameegemezwa mito kitandani. Shangazi, dada yake baba, ambaye anaishi nasi na sauti yake inasikika hadi barabarani, alikaa kwenye sanduku. Gundi alikaa sakafuni akimkanda mama nyayo. Mwenyekiti peke yake alisimama. Alikuwa amevaa koti.

"Nimewaita kwa jambo la heshima ya karakana," akaanza. "Wateja wanauliza maswali. Duniani kuna mwanaume na kuna mwanamke, basi. Hakuna wa kuelea katikati."

"Nani kakwambia?" Shangazi akauliza.

"Haihitaji kuambiwa, Shangazi. Ni maumbile. Mwanaume ana nguvu, hana woga, halii ovyo, anasimamia nyumba. Mwanamke ni mpole, ana haya, sauti yake iko chini."

"Sauti yangu mimi iko chini?" Shangazi akauliza, na kuku waliokuwa chini ya dirisha wakatawanyika.

"Wewe ni mtu mzima, Shangazi. Umri unabadilisha sauti."

"Na wewe," nikamwambia, "siku uliyong'olewa jino ulilia mpaka daktari akatoka nje kututuliza sisi. Siku ile ulikuwa nani?"

"Yale yalikuwa maumivu, si kulia."

"Mimi nimeiendesha ile mashine ya kupasulia mbao," Shangazi akasema, "kabla baba yako hajaota ndevu. Alikuwa ananiletea maji ya kunywa. Nilikuwa nani?"

"Ulikuwa unamsaidia."

"Nilikuwa namsaidia," Shangazi akarudia polepole, kama mtu aliyegundua maziwa yamechacha yakiwa tayari mdomoni.

Mwenyekiti hakurudi nyuma. Mtu mwenye koti harudi nyuma. Akaongeza vigezo, na kila alichokiongeza kilimpiga mtu mmoja mle chumbani, mara nyingi yeye mwenyewe. Mwanaume haogopi giza. Yeye hulala na taa. Mwanaume hajui mambo ya jikoni. Yeye mwenyewe, mke wake akisafiri, hupika kwa siri na kupika vizuri, harufu inamsaliti. Nilitaka kucheka lakini nikamwangalia Gundi, na Gundi hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya miguu ya mama.

"Kaka, unataka nini hasa?" akauliza.

"Nataka uwe kitu kimoja."

"Kipi?"

"Mwanamke. Ndivyo ulivyozaliwa. Mimi nilikuwepo."

Mama, ambaye tangu augue ulimi wake ulikuwa mzito na maneno alikuwa anayabana, akafungua mdomo. "Ulikuwepo wapi? Ulikuwa chini ya kitanda cha jirani, unaogopa damu."

Shangazi akajipiga paja. Mwenyekiti akakohoa, akavuta koti, akasubiri jibu la Gundi.

"Sawa," Gundi akasema.

Nilimfuata nje nikiwa nawaka. "Sawa ya nini? Mtu anakugeuza kama mto wa kochi, unasema sawa?"

Alikuwa anakusanya vumbi la mbao kwa mguu, bila haja. "Dada, umewahi kumpa kaka kitu alichokiomba, chote, bila kumpunguzia?"

"Sijawahi."

"Basi ngoja."

Kesho yake alikuja karakanani na gauni refu, kichwa kimefungwa kitambaa, akapita chumba cha mbao bila kugusa kitu, akaketi kwenye cherehani. Mwenyekiti alifurahi kama aliyepata mtoto mwingine. Alikuwa amenunua aproni: za kahawia za wanaume, za njano za wanawake. Akazigawa kwa hotuba. Mafundi wetu wawili wa mbao, watu wazima wenye adabu zao, walizivaa wakiangaliana. Mmoja akanong'ona, "Kwa hiyo jana tulikuwa nani?"

Haikupita hata asubuhi. Fremu ndefu ya kochi la kona ilihitaji mtu wa tatu kuishika. "Gundi, hebu njoo shika huku!" Mwenyekiti akaita.

"Abee, kaka," Gundi akajibu, kwa sauti ya chini mno hata kaka ikabidi ainame amsikie. "Mimi nguvu nazitoa wapi?"

Kaka akaishika mwenyewe. Ikamdondokea kidole cha mguu, naye akatoa sauti ambayo sitaiita ya kulia, kwa kuwa yale yalikuwa maumivu.

Mkanda wa mashine ukakatika. Gundi ndiye aliyekuwa anaufunga siku zote, kwa kupitisha mkono mahali ambapo wa wengine haupiti. "Mashine ni mambo ya wanaume," akasema, akaendelea na pindo lake. Siku ikapotea. Kubwa zaidi lilikuwa mama. Kila asubuhi mama huogeshwa, kisha hunyanyuliwa kitandani na kuwekwa kwenye kiti cha dirishani, maana akibaki amelala mchana kutwa anakasirika, na mama akikasirika hakuna anayekula. Gundi alimwogesha kama kawaida, akamvika, akamchana. Kisha akasimama mlangoni akaita, "Kaka, mama yuko tayari kunyanyuliwa."

Mwenyekiti akaja. Akapitisha mikono vibaya, akavuta, kiuno kikalia. Mama alifika kitini, ila kuanzia hapo kaka yangu alitembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Si ungemsaidia?" akamlaumu Gundi.

"Ningeonekana sina haya."

Mimi nilikuwa nacheka mchana kutwa. Lakini siku moja wakati wa chakula nilimkuta Gundi nyuma ya marundo ya sponji, hajagusa chakula, anavuta ukosi wa gauni lake kama unaomkaba. Nikagundua kwamba siku zote hizo sikuwa nimeusikia mluzi wake.

"Hilo lilikuwa gauni ulilolipenda," nikamwambia.

"Gauni halina kosa, bado nalipenda." Akakishika kitambaa chake kati ya vidole, kama anavyoshika kitambaa cha mteja. "Nilikuwa nalivaa. Sasa navalishwa. Naamka asubuhi najua tayari nitakuwa nani hadi jioni, kama mfungwa anavyojua chakula."

"Basi acha. Ameshaona."

"Hajaona. Amechoka tu." Akafunga kifungo cha ukosi, akarudi kwenye cherehani.

Aliona siku ya mvua. Viti vya ukumbi vilikuwa vimekamilika, vimevishwa mahameli nyekundu na kupangwa chumba cha mbele, na yule mzee wa miwani alikuwa amekuja kuvikagua. Upepo ukaja kwanza, halafu mvua, halafu lile bati la juu ya dirisha, ambalo limetusumbua tangu enzi za baba, likanyanyuka na kuanza kupiga kofi. Maji yakashuka moja kwa moja juu ya mahameli.

Mimi na Gundi tukakimbilia viti, tukawa tunaviburuta kuvipeleka upande mkavu. Mwenyekiti akabaki katikati ya chumba akipunga mikono.

"Mtu apande!"

Akawageukia mafundi wa mbao. Mkubwa wao akaishika aproni yake ya kahawia kwa vidole viwili. "Bosi, mbao za paa hili zimeoza, wewe unajua. Anayejua pa kukanyaga ni Gundi tu. Na ulituambia mwanaume ndiye msimamizi wa nyumba. Nyumba ni yako."

"Gundi!"

"Abee, kaka."

"Panda!"

Gundi akaweka chini kiti alichokuwa anakiburuta. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Akainamisha macho kwa haya, kama alivyofundishwa. "Paa ni kazi ya wanaume, kaka."

Bati likaendelea kupiga. Mteja aliyekuwa amesimama pale na mwavuli wake alimwangalia Gundi, akamwangalia Mwenyekiti, akaona ni salama zaidi kuangalia mwavuli. Kaka yangu alikuwa na njia nyingi za kutoka. Angesema tu, "Nilikosea." Ni neno fupi. Lakini kuna watu ambao ukiwapa ngazi iliyooza na neno hilo wachague, watapanda ngazi. Akachukua nyundo, akavua viatu, akapanda.

Alifika. Hilo nampa. Akafika juu, akakanyaga mara mbili, akaangalia chini, na palepale akalala kifudifudi akalikumbatia paa kama ndugu aliyepotea miaka.

"Pigilia!" tukamwita.

"Nashuka!" akajibu. Hakushuka. "Nashuka sasa hivi!" Nyundo ikaja peke yake, ikadondokea kwenye tope. Kisha tukasikia sauti nyembamba ikimwita mama, na mama, ambaye alikuwa kitini mwake dirishani, ng'ambo ya ua, akiona miguu ya mwanawe inatetemeka juu ya ukuta, akamwambia Shangazi, "Nenda kanishushie yule."

Shangazi akakunja gauni lake, akalifunga kiunoni, akaokota nyundo. Umri wake siutaji, atanipiga. Alipanda akitukana kila kipandio. Tulimsikia kule juu. "Leta mguu. Si huo. Huo ni wa nani, si wako? Basi ulete." Alimshusha mguu kwa mguu, kama anayemfundisha mtoto ngazi, kisha akarudi juu akalipigilia lile bati yeye mwenyewe, kwa mapigo machache ya mtu aliyewahi kusaidia.

Mwenyekiti akafika chini amelowa chapachapa, midomo inacheza. Mke wake akaja mbio, akamfunika kwa kipande cha mahameli kilichobaki. Hapo ndipo mzee wa miwani alipokunja mwavuli na kumfuata Gundi.

"Samahani," akamwambia. "Siku ile nilimuuliza mkubwa wenu kama nikuite bwana au bibi, sikupata jibu. Nilitaka kukushukuru tu. Kile kiti cha mfano kimenipumzisha mgongo, na mgongo wangu una miaka haujapumzika."

"Gundi inatosha," mdogo wangu akasema.

"Basi ahsante sana, Gundi."

Akavikagua viti, akasema visiharakishwe, vikauke kwanza, akaondoka zake. Ni hilo tu. Vikao, vigezo, koti, aproni za rangi mbili, kiuno cha kaka na kidole chake, vyote vilizaliwa na mtu mmoja aliyetaka kusema ahsante bila kukosea adabu. Nilimwangalia Mwenyekiti pale alipokaa na mahameli mabegani kama mfalme aliyepinduliwa, nikajua amesikia kila neno, maana alikuwa anakodolea macho dole lake gumba la mguu.

Asubuhi iliyofuata alimngojea Gundi kwenye ule uwazi wa ukutani. Mimi nilikuwa napima kitambaa hatua chache tu, na sikujisumbua kujifanya sisikii.

"Basi imetosha," kaka akasema. "Rudi kama zamani."

Gundi siku hiyo alikuwa amevaa suruali, na hereni. "Kama zamani, hapana."

"Si ndiyo ulichotaka?"

"Zamani nilikuwa mwanaume bati likichomoka, nilikuwa mwanamke mama akihitaji kuogeshwa. Katikati hapo hakuna aliyeniuliza. Uliponiambia niwe kitu kimoja, kaka, ilikuwa mara ya kwanza nakuona unanifikiria, na ulinifikiria kwa ajili ya mteja." Hakupandisha sauti, ila nami nikaweka mkasi chini. "Nitapanda paa kwa sababu najua kupanda. Nitamnyanyua mama kwa sababu ni mama. Na wewe utamwogesha, kwa zamu, kwa sababu hiyo hiyo."

"Kumwogesha?" Mwenyekiti akashtuka. "Mimi?"

"Amekuogesha yeye miaka mingapi?"

Kaka akaitazama mikono yake. Mwisho akauliza, na nadhani lilikuwa swali lake la kweli la kwanza tangu tuzaliwe, "Sasa wewe ni nini?"

"Kuna siku najua, kuna siku sijui, na siku nyingi nina kazi ya kufanya. Ila wa kusema ni mimi." Akampita, akaenda kufunga mkanda wa mashine.

Sitakudanganya kwamba Mwenyekiti alibadilika. Mtu wa aina yake habadiliki, anachoka. Wageni wakija bado anawaeleza jinsi alivyopanda paani kwenye mvua ile akalishikilia bati kwa mwili wake hadi wanawake walipoleta nyundo. Bado ana maoni kuhusu maumbile, ila anayatoa Shangazi akiwa ametoka. Zamu yake ikifika, sasa anamwogesha mama. Siku ya kwanza alifumba macho, akamsugua mama sikio moja mara mbili na la pili akalisahau. Nilimuuliza mama anaonaje. "Mikono baridi kama ya fundi bomba," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini anakuja." Na nimewahi kuwakuta wawili hao wanacheka, sijui kwa lipi, wakanyamaza nilipoingia.

Gundi amerudi kupiga mluzi, si kila siku. Kuna siku anafika kimya, anafanya kazi kimya, na ukimwita haitiki naam wala abee, anageuza kichwa tu. Siku hizo nami simsumbui.

Juzi akaja mama mmoja aliyevalia vizuri, anatafuta kigoda cha kuwekea miguu. Akazunguka, akagusa hiki, akagusa kile, macho yakiwa kwa Gundi aliyepiga magoti kwenye kochi, misumari imejaa mdomoni. Hatimaye akamwinamia Mwenyekiti kitini pake.

"Samahani, huyu fundi wenu ni mwanamke au mwanaume?"

Kaka yangu akafanya uso wa mtu aliyemeza nzi. Akaangalia juu, kwenye bati. Akaangalia kidole chake.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Yule mama akamgeukia Gundi. Gundi akainua nyusi, akingoja, hana haraka. Mama wa watu akasimama, akalichezea pochi lake.

"Hivi hiki kigoda," akauliza, "kipo cha kijani?"

"Kipo," Gundi akasema katikati ya misumari.